Cheti na Kijiji: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi katika Nyanda za Juu Kusini tangu 1975

Historia ya vyuo vya umma mkoani Mbeya na Iringa kwa kawaida husimuliwa kama historia ya kupanda ngazi. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanzishwa Iyunga mwaka 1986 kwa makubaliano kati ya Tanzania na Umoja wa Kisovieti, kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, kisha kikawa Chuo Kikuu mwaka 2012. Huko Iringa, shule iliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watoto wa Wazungu iligeuka baada ya uhuru kuwa Sekondari ya Mkwawa, ikawa chuo cha ualimu, na tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kila jina jipya ni kubwa kuliko lililotangulia, na kila jina jipya hudai sifa za juu zaidi za kujiunga.

Lipo kundi la vyuo lisiloingia katika simulizi hilo. Nzovwe katika Jiji la Mbeya, Katumba wilayani Rungwe, Ilula kando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, pamoja na Njombe na Ulembwe, ambavyo vilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Wenyeji wengi huviita FDC kwa kifupi. Jina lake halijapandishwa daraja, na mlango wake haukudai ufaulu wa kidato chochote. Insha hii inajenga hoja kwamba historia ya vyuo hivi katika Nyanda za Juu Kusini ni historia ya ubishi wa muda mrefu kuhusu cheti. Serikali ilivianzisha ili mwanafunzi arudi kijijini. Wanafunzi na wazazi wao, wakiwa na uzoefu wao wa muda mrefu wa kuondoka na kurejea, walitaka elimu inayoweza kusafiri.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975. Wazo lilitokana na ziara za wataalamu wa Tanzania nchini Sweden, ambako vyuo vya wananchi vilikuwapo tangu 1868, navyo vilifuata mfano wa Denmark ulioanza mwaka 1844 chini ya fikra za N. F. S. Grundtvig. Serikali ya Sweden iligharamia sehemu kubwa ya mpango huo. Waandishi wengi huishia hapo, wakiona katika jambo hili mbegu ya kigeni iliyopandwa katika udongo wa Kiafrika. Maelezo hayo ni mepesi mno. Vyuo vya Sweden vilizaliwa miaka sita baada ya sheria za mwaka 1862 zilizowapa wakulima nafasi katika serikali za mitaa. Wakulima waliokabidhiwa madaraka walihitaji mahali pa kujifunza kuyatumia. Nchini Tanzania, Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ilipitishwa mwaka huohuo wa 1975, na kijiji kikawa chombo cha kisheria chenye halmashauri, mali na wajibu wa kutunza hesabu. Mwaka uliofuata vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi ya kukusanya mazao ikaangukia vijiji. Ghafla palihitajika maelfu ya watu wa kupima mahindi na kahawa, kuandika stakabadhi, na kusoma barua ya wilaya bila kumtafuta mwalimu wa shule ya msingi. Kilichofanana baina ya nchi hizo mbili kilikuwa hitaji la mkulima aliyepewa daftari.

Hitaji hilo lilikuwa na mizizi pia katika elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni za kisomo zilizofuata zilipunguza idadi ya wasiojua kusoma na kuandika kutoka takribani asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 27 mwaka 1977. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilikusudiwa kuwapokea watu hao baada ya madarasa ya chini ya mwembe kuwafikisha walipoweza. Vingi viliingia katika majengo yaliyokuwa vituo vya mafunzo ya wakulima. Halmashauri ya kijiji ndiyo iliyomchagua mwanafunzi, naye alitarajiwa kurudi kwa waliomchagua. Masomo yalifundishwa kwa Kiswahili: kilimo na ufugaji, utunzaji wa hesabu, uongozi, siasa, sayansikimu, useremala, uashi, utamaduni. Hapakuwa na mtihani wa mwisho wa kitaifa wala cheti cha kumfungulia mhitimu ajira ya mshahara. Kukosekana kwa cheti hakukuwa usahaulifu wa wapangaji. Kulikuwa nguzo ya mpango, kwa kuwa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa imeitaja elimu inayomtenga msomi na jamii yake kuwa maradhi ya kutibiwa.

Darasa lililotokana na utaratibu huo lilikuwa la aina ambayo haikupatikana kwingine katika mfumo wa umma. Mwenye umri wa kuwa babu, aliyejifunza kusoma katika kisomo, aliweza kukaa karibu na kijana aliyemaliza darasa la saba juzi. Katibu wa kijiji, mama wa nyumbani na fundi aliyejifunza kwa kutazama walikula katika bwalo moja. Tofauti ya umri ililazimisha ufundishaji wa majadiliano, kwa kuwa si rahisi kumkaripia mtu ambaye mtaani humwamkia shikamoo.

Hata hivyo, mpango ulidhani kwamba kijiji ni mahali mtu anapokaa. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na uzoefu mwingine. Katika enzi ya ukoloni, Wabena na Wahehe walipelekwa kwa wingi katika mashamba ya mkonge, na Wanyakyusa walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya Ukanda wa Shaba na ya Afrika Kusini. Wakinga walijijengea sifa ya biashara mbali na milima yao. Kuondoka kulikuwa sehemu ya uchumi wa kaya: fedha ya kodi, mahari na bati la nyumba ilitoka mbali. Vyuo vilipofunguliwa, barabara ya lami kwenda Zambia ilikuwa imeshakamilika na reli ya TAZARA ilikuwa inamaliziwa. Mashamba ya chai ya Mufindi yalihitaji vibarua, na mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikaanza kazi. Kwa kijana wa Ulembwe, useremala ulikuwa na thamani kubwa zaidi Makambako au Mbeya kuliko katika kijiji ambacho mnunuzi wa kitanda alipatikana mara moja kwa msimu.

Wala haiwezekani kuzungumzia utii wa vijiji vya Iringa kwa mipango ya serikali bila kukumbuka Ismani, ambako Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa tarehe 25 Desemba 1971 na mkulima Said Mwamwindi katika mvutano wa siasa ya ujamaa na ardhi. Chuo cha ualimu mjini Iringa kina jina la Kleruu. Tukio hilo halikuhusu vyuo vya wananchi, lakini lilionyesha mapema kwamba mkulima wa eneo hili alikuwa na hesabu zake mwenyewe kuhusu nini maendeleo.

Hesabu hizo zilionekana wazi zaidi katika elimu. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977, ilitoa kundi lake la kwanza la wahitimu wa darasa la saba mwaka 1984. Katika miaka hiyo chini ya mmoja kati ya kumi walipata nafasi ya sekondari. Wananchi wa Njombe, Rungwe na maeneo jirani hawakungoja: walichangishana, wakafyatua matofali, wakajenga sekondari zao. Ni wananchi hawahawa ambao serikali ilikuwa imewajengea vyuo visivyo na cheti. Hakuna ushahidi ulio bayana kuliko huo wa walichokitaka. Nyaraka za kisera za kipindi hicho husema mengi kuhusu kile mhitimu wa chuo alichopaswa kufanya kijijini. Matofali ya sekondari hizo husema upande wa pili.

Kwa hiyo vyuo vilibadilika kutoka ndani kabla sera haijabadilika. Waombaji walizidi kuwa vijana wa darasa la saba, na waliulizia ushonaji, useremala na ufundi magari kuliko uongozi wa kijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vilihamishwa kutoka Wizara ya Elimu kwenda wizara mpya ya maendeleo ya jamii, na katika muongo huohuo ufadhili wa Sweden ulikoma. Kuanzia hapo ada ya mwanafunzi ikawa na uzito kuliko chaguo la halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994 iliunda VETA, na palikuwa na cheti cha ufundi kinachotambuliwa nchi nzima ambacho kijana asiye na sekondari angeweza kukipata. Chuo cha wananchi hakikuwa na cha kulinganisha nacho. Ilipofika muongo wa 2010, mitaala ya ufundi stadi iliingizwa rasmi katika vyuo vingi vya wananchi, na katikati ya muongo huo vyuo vikarudishwa Wizara ya Elimu.

Uhamisho huo wa wizara ulileta pia mkanganyiko wa majina unaostahili kutajwa. Rungemba wilayani Mufindi na Uyole jijini Mbeya kuna Vyuo vya Maendeleo ya Jamii, vinavyoandaa maofisa wa fani hiyo. Kimoja humfundisha anayetarajia kulipwa mshahara kwa kumwendeleza mwananchi; kingine humfundisha mwananchi mwenyewe. Wa kwanza hutoka na stashahada.

Mabadiliko makubwa ya mwisho hayakutoka kwa wakulima wala mafundi. Mwishoni mwa muongo wa 2010, kwa ushirikiano na Shirika la Karibu Tanzania, vyuo vya wananchi vya serikali, ambavyo nchini kote ni zaidi ya 50, vilianza mpango wa Elimu Haina Mwisho kwa wasichana na wanawake vijana waliokatiza masomo, wengi wao kwa sababu ya ujauzito. Hadi waraka wa Novemba 2021 uliporuhusu wanafunzi waliopata ujauzito kurejea, mlango wa sekondari ya kawaida ya serikali ulikuwa umefungwa kwao. Chuo cha wananchi, kwa kuwa hakikuwa na masharti ya hali ya ndoa, kilikuwa miongoni mwa taasisi chache za umma zilizoweza kumpokea mama mwenye mtoto mgongoni, na palipohitajika pakatengwa chumba cha malezi ya watoto ili mama aingie darasani.

Huko darasani mama huyo husoma ufundi na ujasiriamali pamoja na masomo ya sekondari yanayomwandaa kwa Mtihani wa Maarifa na hatimaye mtihani wa kidato cha nne, yote chini ya Baraza la Mitihani. Taasisi iliyobuniwa mwaka 1975 ili isitoe cheti imekuwa njia ya kukipata kwa mtu aliyenyimwa njia nyingine. Naye, tofauti na mwanafunzi wa mwanzo, hakuchaguliwa na halmashauri ya kijiji chake. Mara nyingi kijiji hichohicho ndicho kilichomwambia kuwa masomo yake yamekwisha.