Mwanahesabu Aliyetafuta Mvua ya India

Mgandamizo wa hewa juu ya Bahari ya Pasifiki ukipanda upande mmoja, hushuka upande wa pili, na mvua za nchi zilizo mbali mno hubadilika pamoja nao. Elimu hii ilianzia kwenye njaa. Pepo za msimu zilipokosa kuleta mvua India mwaka 1877, na tena 1899, watu walikufa kwa mamilioni. Na mwaka huo wa 1899, mkuu wa idara ya hali ya hewa, John Eliot, alikuwa ametabiri mvua nzuri.

Gilbert Walker, aliyeshika nafasi yake mwaka 1904, alikuwa mwanahesabu wa Cambridge aliyejua bumerangi kuliko mawingu. Ili kupata dalili za kutabiri mvua ya India, makarani wake Wahindi walilinganisha kwa mkono takwimu za mgandamizo, joto na mvua za vituo vya dunia nzima, kazi ya kuchosha kupita kiasi. Walker aliona kwamba mgandamizo ukiwa juu Darwin, Australia, na kwenye Bahari ya Hindi, kwa kawaida huwa chini Pasifiki ya mashariki. Mwaka 1924 aliuita mwenendo huo mbembeo wa kusini. Sababu yake hakuweza kuieleza, na wengi walimtilia shaka.

Maelezo yalitolewa na mtaalamu wa hali ya hewa Jacob Bjerknes mwaka 1969, Walker akiwa ameshafariki. Kwa kawaida hewa ya Pasifiki ya mashariki, yenye mgandamizo mkubwa, huvuma kuelekea magharibi na kurundika maji ya vuguvugu karibu na Indonesia. Hapo hewa hupaa na mvua hunyesha. Tofauti ya mgandamizo ikipungua, pepo hulegea, maji hayo hurudi mashariki na mvua huyafuata. Hiyo ndiyo El Niño, ambayo mara nyingi huipunguzia India mvua.

Ajabu ni kwamba mwaka 1997, El Niño ilipokuwa kali mno, India ilipata mvua za kawaida, huku vuli ya Kenya, Somalia na Tanzania ikileta mafuriko. Bahari ya Hindi ilikuwa na mbembeo wake: maji yalipoa karibu na Sumatra, mgandamizo ukapanda huko, na pepo zikaleta unyevu Afrika, ambako bahari ilikuwa na joto. Mwanasayansi Toshio Yamagata na wenzake waliueleza mwaka 1999. Kwa maelezo hayo ilieleweka pia vuli ya 1961, iliyofurika bila El Niño na kuanzisha kupanda kwa Ziwa Victoria kwa zaidi ya meta 2 kufikia 1964.