Bure Si Wizi: Hadithi ya Programu Iliyomshinda Mwenyewe Kuendeleza

Wiki jana niliposti picha ndefu ya vilima vya Ngong, kutoka kwa mitambo ya upepo mpaka Bonde la Ufa linapopotelea ukunguni. Ni picha 14 za simu, zimeshonwa zikawa moja. Msee mmoja akaniandikia: "Hiyo programu umeikraki wapi?" Nikamjibu haijakrakiwa, ni ya bure. Akacheka. "Kenya hii hakuna kitu cha bure, buda."

Sikukasirika, maana hata mimi nilikuwa hivyo. Kabla niache chuo, kulikuwa na flashi disk moja ikizunguka hosteli nzima, imejaa programu za bei kubwa ambazo hakuna mmoja wetu aliyezilipia. Hatukuita huo wizi, tuliita kujipanga. Kwa hivyo nilipoanza kutumia Hugin, hii programu ya kushona picha, niliitia kapu moja na zile za flashi. Bure ni bure, si ndio?

Zii. Nilikuwa nimekosea, na iliyonifunza ni historia ya programu yenyewe. Kaa hapo nikupe.

Twende Ujerumani, mwaka wa 1998. Kuna profesa anaitwa Helmut Dersch, anafundisha fizikia na hesabu katika chuo cha mji wa Furtwangen. Anaandika seti ya programu inayoitwa Panorama Tools na kuiweka kwenye intaneti, kila mtu achukue. Kazi yake? Ukipiga picha mbili zinazopakana ukaziweka kando kwa kando, kingo hazikubali kukutana. Lenzi imekunja mistari, na wewe mwenyewe umegeuka kidogo. Programu ya Dersch inapiga hesabu, inakunjua kila picha na kuizungusha, halafu inaibandika mahali pake kana kwamba umekaa katikati ya mpira na picha zimepakwa ukutani kwa ndani.

Sasa ingia IPIX, kampuni ya Marekani kutoka Tennessee. Hii ilikuwa na hataza, ile wengi wetu tunaita pateni, iliyoombwa mwaka wa 1991 na kutolewa 1993. Ilihusu namna ya kuchukua picha ya lenzi ya jicho la samaki, ile inayoona kila upande kwa mpigo, na kuinyoosha kwa kompyuta ili mtu atazame popote anapotaka. IPIX haikuwa inatania. Mwaka wa 1998 baraza la mahakama liliamuru kampuni nyingine, Infinite Pictures, iilipe dola milioni 1 kwa kuingilia hataza hiyo, na mwaka wa 2001 mahakama ya rufaa ikakubaliana na hukumu.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo, kwa hivyo wacha niseme polepole. Chukua mfano wa video yangu ya kupika chapati. Hakimiliki inalinda video yenyewe. Huwezi kuidaunilodi ukaiposti kwa jina lako, lakini unaweza kuingia jikoni kwako, upike chapati zako, urekodi zako. Hakuna shida. Hataza ni mnyama mwingine. Hiyo inalinda njia ya kupika. Hata kama hujawahi kuniona, hata kama uliigundua njia hiyo ukiwa peke yako kwa jiko la nyanya yako, mwenye hataza anaweza kukwambia uzime moto.

Hakuna aliyehitaji kusema Dersch aliiba mstari wowote wa programu ya mtu. Swali lilikuwa kama hesabu zake zinapita kwenye njia ambayo mwingine ameshaizungushia ua. Na lenzi yenyewe haikuwa jambo geni: mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alishaandika juu ya picha za jicho la samaki mwaka wa 1906. Lakini kubishana hayo mahakamani ni pesa na ni miaka. Mwalimu anayegawa kitu bure atatoa wapi pesa za mawakili?

Akajaribu kuishi nayo. Programu ikawekewa kizuizi, lenzi ya jicho la samaki isizidi nyuzi 160. Mwishowe, mwaka wa 2001, akaacha kabisa kuiendeleza.

Hadithi ingeishia hapo, na wewe usingeona vilima vyangu vya Ngong. Kilichoiokoa ni karatasi moja tu. Dersch alikuwa ameuachilia msimbo wa moyo wa programu yake chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo inasimama juu ya hakimiliki. Inasema: mimi ndiye mwenye kazi, na kwa mamlaka hayo nakuruhusu uitumie, uisome, uibadilishe, uisambaze. Sharti langu ni kwamba ukisambaza, uyape matoleo yako uhuru uleule. Umeona mchezo? Sheria ileile watu hutumia kufunga, yeye aliitumia kubana mlango usifungwe.

Basi profesa alipotoka, wengine wakaingia. Walichukua msimbo na kuendelea nao, na mwaka wa 2003 Pablo d'Angelo akaanzisha Hugin, inayoegemea kazi hiyo. Na angalia hili, ndilo lililonishika zaidi. Kulikuwa na kipande kimoja, PTStitcher, ambacho Dersch hakuwahi kutoa msimbo wake. Hicho hakuna aliyeweza kukirithi. Watu wa Hugin ilibidi waandike chao upya, kinaitwa nona. Mtu ni yuleyule na nia yake nzuri ni ileile. Chenye leseni kiliendelea kuishi, kisicho na leseni kikabaki naye.

Raundi ya pili ikaja haraka. Ili kushona picha lazima uionyeshe kompyuta kwamba jiwe hili hapa ndilo lile pale. Kufanya hivyo kwa mkono inachosha, manze. David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alikuwa amechapisha mwaka wa 1999 njia ya kompyuta kujitafutia yenyewe, SIFT. Mwaka wa 2004 Sebastian Nowozin akaandika autopano-sift, programu huria inayotumia njia hiyo. Lakini mwaka huohuo SIFT ikapata hataza Marekani. Hataza huwa ya nchi kwa nchi, kwa hivyo kitu ambacho si shida kwako kinaweza kuwa kesi kwa mwenzako wa Marekani. Watu wa Hugin hawakuenda mahakamani. Walitengeneza njia tofauti, cpfind, na toleo la mwisho wa 2010 likatoka nayo ndani. Hataza ya SIFT ilikwisha Machi 2020, mwezi uleule Kenya ilipata mgonjwa wa kwanza wa corona. Nayo IPIX ilikuwa imefilisika tangu 2006.

Sisemi hataza zote ni mbaya. Wazo lake ni biashara ya haki: funua siri yako hadharani, tukupe miaka 20 ya kuila peke yako, kisha iwe yetu sote. Lowe aliandika kila kitu wazi na tulikisoma. Shida yangu ni uzito wa pande mbili. Kwa kampuni, hataza ni mtaji. Kwa mtu mmoja anayegawa kazi yake usiku baada ya kufundisha, barua moja tu inatosha kumnyamazisha, awe na makosa au asiwe nayo.

Kwa hivyo nimjibu yule msee. Programu niliyoitumia ina wenyewe, ina leseni, na ruhusa yangu imeandikwa. Ile ya flashi ya hosteli haina ruhusa ya yeyote. Zote mbili sikuzilipia, lakini hazifanani hata kidogo.

Na kuna moja ya kwetu. Hapa Kenya hakimiliki inakushika yenyewe mara tu kazi yako inaporekodiwa au kuandikwa, hata bila kusajili. Maana yake, ukiposti somo ukasema tu "chukueni wasee", hujaeleza mtu anaruhusiwa kufanya nini nalo. Kesho ukichoka, ukiugua au ukitishwa, linabaki limefungwa nawe kama PTStitcher. Nina masomo yangu 9 ya kushona picha kwa simu. Jana usiku nimeandika leseni chini ya kila moja. Ilinichukua dakika 20.