Picha ya Mtafiti Gazetini

Mei 2026 imetimia miaka 10 tangu gazeti la New Vision la Kampala litoe picha ya Curtis Riep, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, pamoja na onyo kwamba anasakwa na polisi. Tangazo hilo lililipiwa na Bridge International Academies, kampuni ileile ambayo shule zake Riep alikuwa akizichunguza.

Bridge ilianzia Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwaka 2009: madarasa ya mabati, mwalimu akisoma somo neno kwa neno kutoka kwenye kishikwambi. Mabilionea Zuckerberg na Gates walitia fedha zao. Aprili 2015 Rais wa Benki ya Dunia, Jim Yong Kim, aliisifu hadharani kwa ada ya dola 6 kwa mwezi na alama za juu. Alama hizo zilitoka kwenye utafiti wa Bridge yenyewe, na tawi la Benki hiyo, IFC, lilikuwa na hisa humo. Zaidi ya mashirika 100 yalipinga sifa hizo.

Mei 30, 2016, Riep alikamatwa mkahawani Kampala akiwa kwenye mahojiano na maofisa wa kampuni. Alituhumiwa kuingia shuleni kwa jina la mtu mwingine. Vitabu vya wageni vilipofunguliwa, jina lilikuwa lake mwenyewe. Akaachiwa. Anayechunguzwa hana haki ya kumtangaza mchunguzi wake kuwa mhalifu, na gazeti lililopokea pesa hizo lilipaswa kuuliza kabla ya kuchapa. Lakini Riep naye alitumwa na Education International, shirikisho la vyama vya walimu, ambao riziki yao iliguswa na Bridge. 

Novemba 2016 Mahakama Kuu ya Uganda iliafiki shule za Bridge nchini humo zifungwe. Machi 2022 IFC ilijitoa Bridge. Mwaka huohuo Michael Kremer, mshindi wa Nobel, na wenzake walichapisha utafiti wa Kenya uliofuata waombaji wapatao 10,000 wa ufadhili uliotolewa kwa bahati nasibu: wanafunzi wa Bridge walikuwa mbele sana kimasomo. Bahati nasibu haina upande, ndiyo maana nauheshimu utafiti huo. Lakini alama hazisemi kama mtoto yuko salama, na ripoti ya uchunguzi wa CAO, ofisi ya uwajibikaji ya IFC, kuhusu unyanyasaji wa kingono katika shule hizo ilitolewa 2024.

Wazazi wa Ras Kamboni na Kismayu, Somalia, ripoti za shule kama hizi zikiwafikia, ulizeni kwanza nani amezilipia.