Transfoma Ikiungua, Historia Huenda Wapi?

Mkenya akisikia neno transfoma, anawaza lile pipa la chuma juu ya nguzo, ambalo likilipuka mtaa mzima unalala giza. Kumbe kuna ndugu yake mdogo, anayetosha kiganjani, anayekaa ndani ya amplifaya za zamani za gitaa. Naye akiungua, ubishi unaozuka si wa stima tu. Ni wa historia.

Chukua Fender Bassman, modeli ya 5F6-A, iliyoundwa Fullerton, California, mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo Fender alianza kama fundi wa redio, na ndani ya amplifaya yake utaona ni kazi ya fundi wa redio. Hakuna transista, kazi yote ni ya tyubu za kioo. Shida ya tyubu ni kwamba zina njaa mbili. Waya wa ndani unaozipasha moto unataka volti 6.3 pekee, ilhali sahani zake zinataka volti mia kadhaa. Soketi ya ukutani haitoi hata moja kati ya hizo. Hapo ndipo transfoma inapoingia: koili moja inapokea stima, nyingine zinaitoa kwa vipimo tofauti, na kati yao kuna sumaku tu. Michael Faraday alionyesha siri hiyo London mwaka wa 1831. Mwaka wa 1885, wahandisi watatu wa Budapest, Zipernowsky, Déri na Bláthy, wakaigeuza kuwa kifaa cha kazi.

Basi inakufaje? Mara nyingi haijiui, inauawa. Kapasita iliyozeeka inashoti, au tyubu inashoti, na kuna mjanja fulani zamani aliyechoka na fyuzi za kukatika akaweka kubwa kupita kiasi. Sasa mkondo wote unaishia kwenye koili. Karatasi na vanishi vinavyotenganisha waya vinaungua, na harufu yake ukiinusa mara moja huisahau.

Kwetu hatari ni mara mbili. Bassman ya Marekani ilisukwa kwa takriban volti 117 na mizunguko 60 kwa sekunde. Soketi ya Nairobi ina volti 240 na mizunguko 50, urithi wa Mwingereza. Hata ukipunguza volti kwa kifaa cha kando, ile mizunguko 50 inaulazimisha moyo wa chuma kubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20. Joto linapanda polepole, na wewe unadhani mambo ni sawa.

Fundi mzuri haanzi kwa kununua. Kwanza anachomoa plagi na kumwaga chaji ya kapasita kupitia rezista, kwa sababu kapasita hizo zinaweza kuua hata baada ya stima kukatwa. Kisha anatoa tyubu zote, anatenganisha waya za koili za kutoa, na kuunganisha balbu ya kawaida kwa msururu na waya wa stima. Balbu ikiwaka kwa nguvu ilhali transfoma haijabebeshwa mzigo wowote, kwisha habari. Lakini kazi haijaisha: asipomtafuta muuaji, transfoma mpya nayo itazikwa.

Sasa ubishi. Viwanda vya Marekani vilipiga muhuri wa namba kwenye transfoma. Ukiona 606-5-14, 606 ni kampuni ya Schumacher ya Chicago, 5 ni mwaka unaoishia na tano, na 14 ni wiki. Ni cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana wakusanyaji hulia transfoma ya kwanza ikitolewa: bei inashuka, na wanasema amplifaya imepoteza uhalisi.

Lakini tazama kilichotokea London mwaka wa 1962. Jim Marshall alikuwa na duka la muziki Hanwell, na vijana wa pale walitaka sauti ya Fender ambayo kuiagiza ilikuwa ghali. Ken Bran na Dudley Craven wakaifuata michoro ya Bassman hii hii. Sehemu za Marekani zilikuwa taabu kupata, kwa hivyo wakatumia zilizopatikana Uingereza, transfoma zikiwemo. Spika nne za inchi 10 zikawa nne za inchi 12. Matokeo yake, JTM45, hayakusikika kama Fender. Yalikuwa mazito na makali zaidi, na roki ya Uingereza ikapanda juu yake. Yaani Marshall, jina ambalo leo wakusanyaji hulitetea kwa jino na ukucha, ilizaliwa kutokana na sehemu mbadala.

Kwa hivyo uhalisi haukai kwenye chuma peke yake. Amplifaya iliyofungiwa kabatini na transfoma yake iliyokufa ina cheti cha kuzaliwa, ila haina sauti, na iliundwa ipige kelele. Weka transfoma mpya iliyosukwa kwa volti 240 na mizunguko 50, yenye volti za kutoa zilezile. Ile ya zamani usiitupe kwa watu wa vyuma chakavu. Ifunge vizuri, andika tarehe iliyotolewa na sababu, uiweke pamoja na amplifaya. Atakayeirithi atasoma miaka yote miwili: ule iliozaliwa, na ule ambao mtu fulani alikataa ife.