Jino la buu, mkorosho wa Kitangari

Mkorosho mzee unapokatwa Kitangari, Newala, kwenye uwanda wa Makonde, mngurumo wa chenso hufika hadi kitongoji cha pili, na sifa zote huiendea injini. Watu huuliza mashine ina nguvu kiasi gani, inakunywa mafuta kiasi gani, imetoka nchi gani. Ni nadra mtu kuuliza kuhusu cheni. Wanaionea. Chenso ya petroli ilikuwapo miaka ishirini mizima kabla haijawa chombo cha kutegemewa, na muda wote huo injini haikuwa tatizo kubwa. Kilichokosekana ni jino.

Uwanda wa Makonde wenyewe ulifunguliwa kwa mikono. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, Ujerumani, alipita Masasi, akapanda Newala na kufika Mahuta. Kilichomshangaza huko juu ni kichaka: mimea iliyosukana hata mtu asipite bila kufyeka njia. Wenyeji walikiingia kwa shoka na nyengo, wakachoma, wakalima miaka michache, kisha wakahamia kipande kingine na kukiacha cha kwanza kiote upya. Weule aliandika pia simulizi ya asili ya Wamakonde, ya mtu aliyechonga sanamu ya mwanamke na usiku ikageuka mwanamke hai. Watu wenye mwanzo wa namna hiyo, nadhani, wana haki ya kuchagua sana inapofika habari ya vyuma vya kukatia miti.

Miaka arobaini baadaye Waingereza walikuja jirani ya Masasi, huko Nachingwea, na mipango mikubwa zaidi. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulileta Tanganyika matrekta ya kila aina, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa. Katika mradi huo ilijaribiwa pia njia ya kufunga mnyororo mzito kati ya matrekta mawili na kuuburuta porini ili miti ing'oke. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Tulibaki na bandari ya Mtwara, pamoja na reli iliyofungwa mwaka 1962. Mnyororo ule wa kuburuta haukuwa na jino hata moja.

Mnyororo wenye meno ulizaliwa mikononi mwa madaktari. Mwishoni mwa karne ya 18 waganga wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walikuwa na mnyororo mwembamba wenye meno na mpini kila ncha. Ulipitishwa nyuma ya mfupa, ukavutwa huku na huku. Aitken aliutumia kwenye nyonga ya mzazi ambaye mtoto amekwama, Jeffray kwenye viungo vilivyooza. Wakati huo dawa ya usingizi ilikuwa haijavumbuliwa, kwa hiyo tusikae hapo sana. Mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine alikwenda mbele zaidi: mnyororo wake haukuwa na mwisho, ulizunguka pembezoni mwa bapa la chuma, nao ulivutwa na gurudumu la meno lililozungushwa kwa mkono. Ukikitazama chombo cha Heine unaviona vyote vitatu vikiwa mahali pake: cheni, bapa, sproketi. Mafundi wa miti walichukua takriban karne nzima kuwafikia wapasuaji wa mifupa.

Mwaka 1905 Samuel Bens wa San Francisco alipata hataza ya msumeno wa mnyororo kwa ajili ya miti mikubwa ya California. Mashine zilizouzika kweli zilitoka Ujerumani. Andreas Stihl alitengeneza ya umeme mwaka 1926. Ilikuwa na uzito wa kilo 48 na ilibebwa na watu wawili, mmoja upande wa injini na mwingine ameshika ncha ya bapa. Mwaka 1927 Emil Lerp aliijaribu ya petroli kwenye mlima Dolmar, akaipa kampuni yake jina la mlima huo. Hiyo ilikuwa na kilo 58. Mfuko wa saruji, basi, wenye moto na meno.

Meno ya mashine hizo yalinakiliwa kutoka msumeno wa mkono. Moja lilikwaruza upande wa kushoto, la pili upande wa kulia, la tatu likafuata kukomba vumbi. Kwenye msumeno wa watu wawili mpangilio huo unafanya kazi nzuri, kwa sababu mkono wa binadamu unakwenda taratibu. Injini ilipoyakimbiza meno hayo mambo yaliharibika: yalichubua mti badala ya kuukata, yakatetemesha mashine, yakawa butu upesi. Kuyanoa kulihitaji fundi mvumilivu, maana kila aina ya jino ilikuwa na tupa yake na urefu wake.

Mwaka 1946 mkata magogo Joseph Buford Cox alikuwa akipasua kuni huko Oregon, Marekani, akasimama mbele ya kisiki kilicholiwa na wadudu. Ndani yake mlikuwa na buu la mbawakawa, nene kiasi cha kidole cha shahada, likitafuna mti mzima bila shida, iwe kufuata nyuzi au kuzikata kati. Cox alilichunguza kwa lenzi. Buu halikwaruzi. Taya zake mbili, ya kushoto na ya kulia, zinapokezana kubandua vipande. Alikwenda kutengeneza cheni yenye meno yaliyokunjwa, moja likiangalia kushoto, linalofuata kulia, na mwaka 1947 akaanza kuiuza kutoka chumba cha chini ya nyumba yake mjini Portland. Kampuni aliyoianzisha ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la Oregon, ambalo hadi leo lipo kwenye maboksi ya cheni madukani.

Chukua cheni ya leo uitazame kwa karibu, injini ikiwa imezimwa. Kila jino lina paa na ukuta. Ukuta unakata nyuzi pembeni, paa linanyanyua kipande kilichokatwa. Mbele ya jino kuna kigongo kidogo kilichoinuka, kifupi kuliko paa kwa kiasi cha milimita 0.65 hivi. Kigongo hicho ndicho kinachoamua jino liume kiasi gani. Fundi anayenoa paa mwezi baada ya mwezi bila kukigusa kigongo ataona jino linang'aa lakini mashine inatoa unga. Jino limefupika, kigongo kimebaki palepale, na sasa cheni inateleza juu ya mti. Anayekikata kigongo mno anapata balaa la upande wa pili, cheni inauma kupita kiasi na kumrushia bapa usoni. Tupa ni ya duara, milimita 5.2 kwa cheni ya pichi (nusu ya umbali wa ribiti tatu zinazofuatana) ya inchi 3/8, na pembe ya kunolea kwa kawaida ni digrii 30. Chenga nene zikitoka, umenoa. Ukitoka unga, rudi kwenye tupa.

Jino la Cox lilifungua mlango kwa mengine. Mashine za zamani zilikuwa na giabox kati ya injini na sproketi, ili cheni nzito iende polepole lakini kwa nguvu. Mwaka 1959 Stihl alitoa Contra, ya mtu mmoja, yenye kilo 12 na nguvu farasi 6, na giabox imeondolewa kabisa: sproketi ilivutwa moja kwa moja kupitia klachi. Hesabu yake inafurahisha. Sproketi ya meno 7 kwenye cheni ya pichi ya 3/8 inavuta sentimita 13.3 za cheni kila inapozunguka. Ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, cheni inakwenda mita 20 kwa sekunde. Jino la kukwaruza lisingeivumilia kasi hiyo.

Sproketi yenyewe imekuja kwa maumbo mawili. Ya kwanza ni nyota ya chuma iliyoshikana na kikombe cha klachi. Ikilika, unatupa vyote. Ya pili ni pete inayokaa juu ya kitovu chenye mifereji, ikiwa na uhuru wa kusogea kidogo ili ijipange na bapa. Ikilika unabadilisha pete tu. Vijana wa bodaboda wa Newala hawahitaji kufundishwa hili, maana kwenye pikipiki pia ukiweka cheni mpya juu ya sproketi iliyolika, sproketi ya zamani inaila cheni mpya. Kanuni ya mafundi ni sproketi moja kwa cheni mbili. Wenye mashine wengi huona ni ujanja wa muuza spea.

Bapa linaonekana chuma tu, lakini ndilo linalobeba msuguano wote. Mfereji wake hupokea ndimi za cheni, na kama mfereji umepanuka cheni inalala upande na mkato unapinda. Ndiyo maana bapa limetengenezwa pande mbili zifanane: linageuzwa juu chini kila mara ili lilike sawa. Mabapa ya zamani yalikuwa na ncha ngumu isiyozunguka, iliyopakwa aloi inayostahimili joto. Mengi ya sasa yana sproketi ndogo kwenye ncha. Yote yanataka oili. Wengi hutia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari, ambayo ina vumbi la chuma ndani yake na inafanya kazi ya msasa.

Tukirudi Kitangari, mti unaoipa chenso kazi ya maana huku ni mkorosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeingia, na mikorosho ilikuwa imezeeka na kubanana hadi matawi yakafungamana. Watafiti wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, walishauri dawa ya salfa, kupunguza miti, na kukata mikorosho mizee ibaki kisiki kifupi ili machipukizi yabebeshwe vikonyo vya aina bora. Kwa shoka, kisiki hupasuka na kuoza. Cheni kali huacha mkato laini.

Mti wa mkorosho si mgumu. Adui ni ardhi. Matawi yake hulala hadi chini, na udongo wa uwanda una mchanga mwingi. Cheni ikigusa ardhi kwa sekunde moja tu, makali ya asubuhi nzima yamekwenda. Mpingo na mninga ya mabonde ya Masasi ina shida nyingine. Huko chenso hutumika pia kupasua mbao, kwa leseni ama bila leseni, na mkato wake unakula karibu sentimita nzima ya mti kila inapopita, mara mbili au tatu ya msumeno wa mkono wa wapasua mbao. Kwa kazi hiyo pembe ya jino inashushwa hadi digrii 10, kwa sababu jino linafuata nyuzi badala ya kuzikata. Wengi wanapasua kwa cheni ileile ya digrii 30 na kulaumu injini.

Madukani cheni nyingi hukatwa kutoka kwenye rola ya futi 100 na kuungwa kwa ribiti. Anayekwenda kununua asiseme tu "ya chenso kubwa". Aende na namba tatu: pichi, unene wa ulimi unaoingia kwenye mfereji, na idadi ya ndimi. Mbili za kwanza mara nyingi zimegongwa ubavuni mwa bapa, karibu na injini, chini ya uchafu wa oili na utomvu. Ya tatu huhesabiwa kwenye cheni ya zamani, ulimi kwa ulimi, kabla haijatupwa.