Katiba bila Hati ya Haki: safari ndefu kabla ya 1988

Wajerumani walipojenga boma lao la Neu Langenburg, mahali ambapo leo ni Tukuyu, waliwakuta Wanyakyusa wakiwa tayari na utaratibu wao wa kutawaliwa. Malafyale, yaani chifu, hakutawala peke yake. Kila kijiji kilikuwa na mkuu wake, ulifumu, na amafumu hao hawakutoka katika ukoo wa chifu. Walichaguliwa miongoni mwa watu wa kawaida, na mtoto wa malafyale hakuweza kukikalia kiti hicho. Chifu mchoyo, anayekula nyama peke yake na kuwaonea majirani, aliaminika kupatwa na baridi na homa kwa manung'uniko ya watu wake. Nguvu hiyo iliitwa embepo sya bandu, pumzi ya watu. Ili apone, ilibidi achinje ng'ombe, watu wale, wapatane.

Mambo hayo yaliandikwa kwa kina na Godfrey na Monica Wilson, mume na mke waliofanya utafiti Rungwe, wilaya ya huko Tukuyu, kati ya mwaka 1934 na 1938. Walieleza jinsi wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walivyohama kwa wazazi na kujenga kijiji chao wenyewe na wenzao wa rika moja, wakirudi kwa mama zao kula tu. Walieleza ubusoka, sherehe iliyofanyika mara moja kwa kila kizazi, ambapo wazee waliwaachia vijana utawala na ardhi ikagawanywa upya. Walieleza pia kuhusu Lwembe wa Lubaga, karibu na Tukuyu, aliyebeba heshima kubwa ya kimila na mizigo mizito kiasi kwamba waliostahili kuchaguliwa waliikimbia nafasi hiyo. Lwembe hakuachwa afe kifo cha kawaida. Mwaka 1939 Godfrey Wilson alichapisha kitabu kidogo kuhusu ndugu zao wa ng'ambo ya mto Songwe, Wangonde, na bila kusita akaupa utaratibu wao wa utawala jina la katiba.

Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Nani anatawala, anapatikanaje, nani anamzuia na anaondokaje: hayo ndiyo maswali ya katiba, na Rungwe ilikuwa na majibu yake bila kipande cha karatasi.

Lakini lipo swali jingine ambalo utaratibu huo haukulijibu vizuri. Mtu akituhumiwa uchawi alinyweshwa mwafi, kinywaji cha kumpima. Akitapika, ni msafi. Asipotapika, amepatikana na hatia, na aghalabu alifukuzwa kijijini. Aliweza kuhamia kwa chifu mwingine, na kuhama kulikuwa kinga kubwa kwa Mnyakyusa mnyonge. Ila hakuwa na mahali pa kusimama na kuwaambia majirani zake wote, pamoja na malafyale, kwamba hata mkikubaliana nyote, hili hamwezi kunifanyia. Kauli hiyo ndiyo kiini cha hati ya haki. Katiba hugawa madaraka. Hati ya haki huweka mbali na madaraka hayo vitu vichache vya mtu, na humpa mahakama ya kuvidai.

Vitu hivi viwili si lazima vizaliwe pamoja. Wamarekani waliandika katiba yao Philadelphia mwaka 1787 bila hati ya haki, na wengi waliikataa kwa sababu hiyo hiyo. James Madison akaandaa marekebisho, na kumi kati yake yakapitishwa rasmi Desemba 1791. Waingereza wanayo hati ya haki ya mwaka 1689 lakini hadi leo hawana katiba iliyo katika kitabu kimoja.

Majeshi ya Waingereza yaliichukua Neu Langenburg mwaka 1916. Muongo mmoja baadaye Gavana Donald Cameron akaleta utawala wa kupitia machifu, na malafyale akawa sehemu ya serikali. Nguvu yake ikaanza kutoka bomani badala ya kutoka kwa amafumu na majirani. Sheria ya mwaka 1921 ilimruhusu gavana kumhamisha mtu kwa amri kutoka wilaya moja hadi nyingine. Mkulima wa Rungwe hakuwa na katiba ya kumchagua gavana, wala haki ya kumpinga.

Uhuru ulipokaribia, Wizara ya Makoloni mjini London ilikuwa imeanza kuweka hati za haki katika katiba za nchi zinazoondoka mikononi mwake. Nigeria ilipata yake. Uganda ikaja nayo mwaka 1962, Kenya na Zanzibar mwaka 1963. Tanganyika ilikataa. Katiba ya tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa na hati ya haki, na ya Jamhuri ya mwaka 1962 vilevile. Viongozi wa TANU, chama tawala, walitoa sababu ambazo hazikuwa za kubeza. Nchi ilikuwa changa, majaji karibu wote walikuwa wageni, na serikali iliyotaka kubadilisha mambo haraka ingejikuta kila siku mahakamani ikigombana na watu wasiochaguliwa na mwananchi yeyote. Waliona haki hulindwa zaidi na maadili ya taifa kuliko kifungu cha sheria. Lakini mwaka huo huo wa 1962 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Sababu za 1961 zinapaswa kusomwa pamoja na sheria hiyo, kwa sababu mtu wa kizuizini ndiye aliyelipa gharama ya uamuzi ule.

Mwaka 1963 uchifu ulifutwa. Mwaka 1964 Rais Julius Nyerere aliunda tume ya kupendekeza mfumo wa chama kimoja, nayo tume ikaliangalia tena suala la haki. Jibu lake lilikuwa lile lile: haki zitajwe kwenye utangulizi wa katiba, na iundwe Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watendaji. Katiba ya Muda ya 1965 ikafuata njia hiyo, na Tume ikaanza kazi mwaka 1966. Ilisikiliza malalamiko ya watu wengi na ilisaidia. Ila iliweza kumshauri Rais tu. Haikuwa na amri juu ya mtu. Na utangulizi? Mwaka 1973, katika kesi ya Hatimali Adamji dhidi ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, mahakama ilisema wazi kwamba utangulizi si sehemu ya katiba kisheria. Maneno mazuri yote yaliyoandikwa pale juu hayakuweza kumtoa mtu hata mahabusu.

Katiba ya kudumu ya Aprili 1977 iliendelea hivyo hivyo. Ilieleza Rais, Bunge, Mahakama, Muungano na Chama. Kama katiba ilikuwa kamili. Mwananchi ndani yake alikuwa mpiga kura na mlipa kodi, lakini hakuwa mtu mwenye dai lake mwenyewe.

Mabadiliko yalikuja kwa shinikizo la wananchi. Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya chama tawala, CCM, ilitoa mapendekezo ya kurekebisha katiba kuhusu madaraka ya Rais, Bunge na Muungano. Hati ya haki haikuwamo. Katika mjadala wa hadhara uliofuata, wanasheria, wasomi na watu wengi, hasa wa Zanzibar, wakaidai. Mwaka huo huo serikali ilikuwa ikiwakamata watu kwa uhujumu uchumi, chini ya sheria iliyowanyima dhamana na wakili, kwa hiyo hoja haikuwa ya vitabuni. Februari 1984 Tanzania iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Baadaye mwaka huo Bunge likapitisha Marekebisho ya Tano ya Katiba, Sheria Na. 15 ya 1984, na ibara za 12 hadi 29 zikapata sura tunayoijua: usawa, uhai, uhuru wa mtu, faragha, maoni, dini, kazi, mali, na wajibu wa raia.

Hapo hapo ikapitishwa sheria nyingine, Na. 16, iliyosema haki hizo zisidaiwe mahakamani kwa miaka mitatu, ili serikali ipate nafasi ya kusafisha sheria zake. Marekebisho yalianza kutumika Machi 1985. Milango ya mahakama ikafunguliwa Machi 1988, miaka 26 na ushei baada ya uhuru.

Jaribio la mapema halikutoka kwa mwanasiasa. Agosti 1988, mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake, kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Siku iliyofuata mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai mauzo hayo ni batili. Mila ilikuwa upande wake, tena mila iliyoandikwa: kanuni za urithi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikamwambia mama huyo arudishe fedha. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na huko hakimu akasema hati ya haki imeyamaliza mabishano. Rufaa ya mpwa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mwaka 1990 aliamua kwamba ubaguzi huo unakwenda kinyume na ibara ya 13, na kwamba mwanamke ana uwezo wa kuuza sawa na mwanamume. Ukoo uliachiwa miezi sita ya kuikomboa ardhi kwa kulipa shilingi 300,000 zile zile.

Rungwe ingefaa kuisoma kesi hiyo mara mbili. Huko nako mali ilifuata upande wa baba, kutoka kwa ndugu wa kiume hadi ndugu wa kiume na kisha kwa wana, na migomba ya Tukuyu ni ardhi ya familia kabla ya kuwa ya mtu. Katiba ya 1977 ilikuwapo miaka yote ambayo binti alinyimwa. Hakuna neno lolote kuhusu Rais au Bunge ambalo lingemsaidia.

Kesi ya pili inawagusa wakulima wote. Lohay Akonaay na mwanawe, wa mkoa wa Arusha, walinyang'anywa shamba lao la kimila wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu vijijini, wakashtaki na kushinda. Rufaa ikiwa bado inasubiri, Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, bila fidia. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na kwamba hata jasho lililomwagwa shambani linastahili fidia. Kwa mtu wa Rungwe ambaye hana hati ya serikali ila migomba, chai na makaburi ya babu zake, huo ni uamuzi mkubwa kuliko mengi yaliyosemwa majukwaani.

Hata hivyo, hati iliyo ndani ya katiba hubadilishwa kwa njia ile ile ya katiba. Mwaka 1994 Mahakama Kuu Dodoma ilikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Mwaka huo huo Bunge likabadilisha katiba yenyewe ili kuzuia jambo hilo. Mahakama ya Afrika mjini Arusha ilimpa Mtikila ushindi Juni 2013. Nchini Kenya, katiba ya 2010 inataka kura ya maoni kabla ya kugusa sura ya haki. Nchini Tanzania theluthi mbili ya wabunge inatosha. Tume ya mabadiliko ya katiba ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza haki pana zaidi mwaka 2013, lakini kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 2015, haikufanyika.

Mlango wenyewe nao umebanwa. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya mwaka 1994 ilitaka kesi za namna hii zisikilizwe na majaji watatu wa Mahakama Kuu. Alichokifanya yule hakimu wa Muleba sasa kina utaratibu mwingine: suala la haki likizuka mbele ya hakimu, na wahusika wasikubaliane vinginevyo, analipeleka Mahakama Kuu, isipokuwa akiona ni la upuuzi. Tangu marekebisho ya 2020, anayefungua shauri hutakiwa kuapa na kueleza jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye mwenyewe. Mwanaharakati wa Dar es Salaam hawezi tena kwa urahisi kumsemea binti wa Busokelo, huko Rungwe. Inambidi binti huyo aende mwenyewe, kutoka Tukuyu kama kilomita 70 hadi Mahakama Kuu Mbeya, akiwa na kiapo chake na ibara ya 13 mkononi.