Historia Fupi ya Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani

Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kisiwani Unguja, kilikuwa miongoni mwa shule za bweni za mwanzo katika Afrika Mashariki. Fahari yake kubwa ni kwamba habari zake za karne ya 19 hazikuachwa mikononi mwa walimu na maaskofu peke yao. Wanafunzi wenyewe waliziandika, kwa Kiswahili.

Chuo kilitokana na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyoundwa Uingereza baada ya hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Misheni hiyo ilianza kwa msiba. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki kwa homa mwaka 1862 katika bonde la mto Shire, na baadhi ya wenzake wakamfuata. Mrithi wake, William Tozer, aliona heri kuhamia Unguja na kuwaandaa vijana watakaopeleka mafundisho bara. Alifika Agosti 1864 akiwa na rafiki yake, Dkt. Edward Steere.

Muda mfupi baadaye Sultani Majid bin Said aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza, na kila anayesimulia habari za chuo huanza nao. Idadi iliongezeka kadiri manowari za Waingereza zilivyonasa majahazi mengine. Wavulana walitoka pande nyingi za bara na kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, hivyo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha darasani, mezani na uwanjani. Mwaka 1865 John Swedi na George Farajallah walikuwa miongoni mwa waliobatizwa. Farajallah hakuishi miaka mingi. Swedi alidumu katika utumishi na mwaka 1879 akawa shemasi.

Misheni ilinunua shamba la Kiungani, kusini mwa mji, kando ya bahari, na shule ya wavulana ikahamia huko mwishoni mwa miaka ya 1860. Wasichana walipata makao yao Mbweni. Miaka hiyo haikuwa myepesi. Kipindupindu kilipita kisiwani, na Aprili 1872 kimbunga kikaangusha minazi na mikarafuu na kubomoa majengo. Kazi ilirudiwa kwa subira, na wafadhili wa Uingereza hawakukaza mikono.

Hakuna jina linalotajwa kwa mapenzi kama la Dkt. Steere. Alikuwa amesomea sheria, lakini mikono yake ilijua pia kazi ya kupiga chapa, na wavulana aliwafundisha yote mawili, kitabu na kazi ya mikono. Walijifunza kuokota herufi za risasi moja moja, kuzipanga mstari kwa mstari zikiwa zimegeuzwa kama katika kioo, kupaka wino, kukandamiza karatasi, kisha kusoma walichokichapa wakitafuta makosa. Kijana aliyefika bila kujua alifu aliweza, baada ya miaka michache, kusahihisha ukurasa wa kitabu. Mwaka 1870 Steere alitoa mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili na kitabu cha sarufi kilichotumiwa kwa miaka mingi. Alikuwa askofu kuanzia 1874 hadi alipofariki mwaka 1882, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873.

Mwalimu mwingine wa kukumbukwa ni Arthur Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi. Aliwahimiza wanafunzi waandike habari za maisha yao, akazitafsiri kwa Kiingereza na kuzitoa London mwaka 1887 katika kitabu kilichobeba jina la Kiungani. Humo vijana wanaeleza jinsi walivyokamatwa, wakauzwa kutoka mkono hadi mkono kwa nguo au nafaka, wakatembezwa hadi pwani, wakapakiwa jahazini, na hatimaye wakafika shuleni. Mwandishi anataja bei yake mwenyewe bila makeke, kama anavyotaja jina la kijiji chao.

Mwaka uliofuata, 1888, chuo kilianza kutoa gazeti lake, *Msimulizi*, lililohesabiwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Lilibeba habari za chuo na barua za waliohitimu, waliotawanyika Magila, Masasi na pwani ya Ziwa Nyasa.  

Askofu Charles Smythies, kuanzia 1884, alishikilia kwamba mwanafunzi awe Mkristo bila kugeuzwa Mwingereza. Kanzu ilibaki vazi la chuo. Si wote walioridhika na masharti ya maisha hayo, na baadhi waliondoka kabla ya wakati. Waliobaki walizaa matunda. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alipewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo, baada ya kuanza kazi Chitangali. Augustine Ambali alitumika Nyasa na kuandika kumbukumbu zake. Yohanna Abdallah alikuwa kasisi Unangu, na kitabu chake cha historia ya Wayao kilichapishwa mwaka 1919.

Miaka iliyofuata yatosha kutajwa kwa ufupi. Mwaka 1901 Frank Weston alikuwa mkuu wa chuo, na mwaka 1908 akawa askofu wa Zanzibar. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwatenga walimu wa bara na makao makuu. Katikati ya miaka ya 1920 chuo kilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam, kikiwa na jina lile lile la Mtakatifu Andrea. Baada ya uhuru Minaki iliingia mikononi mwa serikali, na hadi leo ni shule ya sekondari wilayani Kisarawe.